Kisanduku cheupe kuzunguka nembo PDF ikichapwa

Ndugu, umesema nembo yenye kivuli inaonekana safi kwenye skrini, lakini PDF uliyotoa kwenye InDesign (programu ya kupanga kurasa) ikichapwa inakuja na kisanduku cheupe kuizunguka. Pole sana. Mimi yalinikuta kwenye kadi za harusi, usiku wa kuamkia kuzipeleka.

Kwanza hakikisha picha si JPEG, maana JPEG haihifadhi uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma) kabisa. Tumia PNG au PSD (faili ya Photoshop). Kama hapo pako sawa, naishuku rangi ya Pantone (wino maalumu uliochanganywa tayari) iliyo chini ya kivuli. PDF/X-1a, aina ya PDF ya kupeleka kwa mchapaji, haikubali uwazi, kwa hiyo programu huyayeyusha matabaka yote kuwa moja, na printa isiyoelewa wino kupandiana (mmoja kuchapwa juu ya mwingine) huacha weupe. Ingia kwenye usimamizi wa wino (Ink Manager) ndani ya InDesign, geuza Pantone iwe CMYK (wino nne za kawaida za uchapaji), kisha toa faili upya kama PDF/X-4, ambayo hubeba uwazi jinsi ulivyo.

Ukibanwa na muda, Acrobat (programu ya kufungua PDF) inaweza kuchapa ukurasa kama picha. Huokoa, ila maandishi madogo hupoteza ukali.

Lakini kama mteja anaitaka Pantone yenyewe, usiguse kitu kabla ya kuongea na mchapaji. Muulize anapokea PDF ipi, na uombe nakala ya majaribio kabla pleti (bamba za kuchapia) hazijatengenezwa.