Mmeuliza laana ya ukoo, mimi najibu kuhusu isale

Swali lenu la wiki hii, eti "Mkristo aliyeokoka anaweza kuwa bado na kifungo cha ukoo?", yaani laana ya kurithi kwa mababu, limenikuta pabaya, maana nilishaapa sichangii tena mambo ya dini, watu wanatukanana mpaka wazazi. Ila hili siliachi. Jibu langu fupi ni hapana. Wagalatia 5:1 inasema Kristo alituandika huru, tusinaswe tena chini ya kongwa la utumwa, na Yohana 8:36 inasema Mwana akituweka huru tunakuwa huru kweli kweli, sasa ni huru kweli kweli gani hiyo inayosubiri mtu aje na galoni la mafuta ya upako kutoka Dar kuimalizia? Ila mi naona swali lenyewe lingekuwa hivi: nani karuhusiwa kuniambia nimefungwa, na akishaniambia anaondoka na nini?

Dada yangu mkubwa hajaolewa. Ana kazi, ana nyumba yake, ila hajaolewa, na kwenye huduma anayosali (siitaji) walimpa fomu ajaze majina ya mababu, nani alikuwa na wake wengi, nani alienda kwa mganga, nani alikufa ghafla. Hivi ukoo gani Tanzania hii ukijaza fomu kama ile hautakutwa na madhabahu, yaani mahali mababu walipofanyia matambiko? Basi Desemba, Wachagga wote tumeshapanda mlimani, siku mbili kabla ya Krismasi tunaona Noah inaingia kihambani, shamba letu la nyumbani, Marangu. Akashuka mtumishi mwenyewe, mama mmoja wa maombi ambaye sauti ilishakauka, na kijana kabeba jembe. Jembe jipya, bado lina stika ya duka.

Wakazunguka wananena kwa lugha, mara migombani, mara kwenye kahawa, mara nyuma ya zizi, mpaka wakafika kaburi la babu, mtumishi akasimama, akasema hapa, hapa ndipo. Kisa isale. Kwa msio Wachagga, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaopanda makaburini na mipakani, na ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha, akikukatalia watu watamshangaa yeye. Lile la babu lilikuwa limemzidi mtu urefu.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, bibi aliyebatizwa KKKT, kwa Walutheri, akiwa mchanga, kaimba kwaya mpaka meno yakaisha. Akasema jamani, hilo mzee alilipanda siku alipopatana na kaka yake baada ya kugombana kuhusu mpaka, mwinjilisti alikuwepo, aliomba, tukala ndizi. Mtumishi akamjibu, bibi, hapo sio wewe unayeongea. Yaani bibi yangu, nyumbani kwake, sio yeye anayeongea! Baba akaangalia chini, mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha chai, baba mdogo akacheka, alikuwa ameshaanza mbege, pombe yetu ya ndizi, toka asubuhi.

Kijana akachimba, na isale lina mizizi haswa, tena ina rangi ya chungwa, basi ulipotoka wa kwanza mtumishi akaunyanyua juu, mnaona damu? Wakalimwagia mafuta ya taa walichome, haliungui, ni bichi, wakaongeza, ukawa moshi tu migomba yote, watoto wanakohoa, mama wa maombi anasema ni mapepo yanatoka. Halafu ikaja sadaka ya kufunga mlango, na asiye na keshi akasomewa namba ya lipa.

Sasa lile isale ndilo lilikuwa alama ya mpaka wetu na watoto wa yule kaka yake babu. Kufika Pasaka wenzetu wameshapanda migomba yao upande wetu, na ukiwauliza wanakuuliza alama iko wapi, kwa hiyo tukaishia baraza la ardhi la kata na ndugu zetu wa damu. Dada naye bado hajaolewa, watu wa huduma waliposhindwa upande wa baba wakahamia wa mama.

Ningeweza kuishia hapa nikaonekana nimeshinda. Tatizo ni baba mdogo. Siku ileile, baada ya moshi, yule mama wa maombi alimwekea mkono kichwani, akalia kama mtoto, na mpaka leo ninavyoandika hajagusa mbege wala konyagi. Mtu aliyeuza hadi mabati! Nimemuuliza ni nini kilitokea, anasema sijui, nilifunguliwa tu. Na nikirudi kwenye Luka 13 nakuta yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, Yesu mwenyewe anasema Shetani ndiye aliyemfunga, na kwenye sentensi hiyohiyo anamwita binti wa Ibrahimu. Wa nyumbani kabisa, na kafungwa. Ila angalieni, hakumuuliza jina la babu yake, hakudai kitu, alimwita, akamwekea mikono, kwisha. Na kwenye Yohana 9 wanafunzi wanauliza kipofu huyu katenda dhambi nani, yeye au wazazi wake, jibu ni wala yeye wala wazazi.

Wanaocheka watu wa mafuta nao siwapendi, niseme tu. Februari 2020 pale uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako, na mitandaoni watu wakaandika wajinga hao. Sio wajinga. Kuna aliyekuwa na mtoto mgonjwa, kuna aliyekuwa na mume kama baba mdogo wa zamani.

Kwa hiyo niandike ndiyo au hapana? Hapana ya pale juu naomba mhariri ailegeze kidogo. Aliyeokoka anaweza kufungwa, na akifungwa aombewe, nitampeleka mwenyewe, lakini fomu ya ukoo hajazi, bibi wa mtu haambiwi sio yeye anayeongea, na jembe libaki dukani. Isipokuwa kama ni pombe. Kwa pombe, kwa nilivyomuona baba mdogo, waje hata na trekta, mpaka tutapima upya.