Jibu: punda anayegoma na kurusha mateke

Mkuu, umesema punda uliyemnunua Magu anarusha mateke na mkifika ziwani kuchota maji anagoma kabisa. Aisee fimbo weka chini kwanza, punda akiogopa mara nyingi hakimbii kama farasi, anaganda, sasa ukimchapa ndo unamhakikishia hatari ipo kweli. Madumu yaache wiki 2, mvalishe kamba ya kichwani, simama usawa wa bega sio nyuma, vuta taratibu, akitoa hata hatua moja LEGEZA HAPOHAPO, kule kulegeza ndo kunamfundisha. Dakika 10 zinatosha. Wangu huku Misungwi miguu ya nyuma ilikuwa haishikiki, nikawa nampapasa kuanzia begani nashuka polepole siku hadi siku, saivi ananyanyua mwenyewe. Mcheki na mgongo pia, wengi tunaowaita wakorofi wana vidonda vya mizigo tu.