Meninjioma mbele ya shina la ubongo: kwa nini kila daktari ana njia yake?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Anaona vitu viwiliviwili na shavu la kushoto limekufa ganzi. MRI imeonyesha meninjioma ya sentimita 3.5 chini kabisa ya ubongo, mbele ya shina la ubongo. Daktari wa kwanza anataka kupitia nyuma ya sikio. Wa pili anasema atapitia juu ya sikio na kuchonga mfupa. Mwenzangu kazini alitolewa uvimbe wa jina hilohilo kupitia puani, bila hata kunyolewa. Nani yuko sahihi, na kwa nini mama naye asipitishiwe puani?

Jibu: Marahaba. Pole kwa kuuguza. Inawezekana kabisa madaktari wote wawili wako sahihi, maana kila mmoja ameamua ni hatari ipi yuko tayari kuibeba.

Meninjioma huota kwenye tando zinazofunika ubongo, wala haianzii kwenye nyama ya ubongo wenyewe. Kwa hiyo ina mahali iliposhika, na hapo ndipo inaponyonya damu nyingi. Tukipafikia mahali hapo mapema, tunaikatia damu, tunaikomba kutoka ndani mpaka ibaki ganda, kisha tunalibandua ganda hilo taratibu chini ya darubini. Tatizo ni kilichopo njiani.

Kwa dalili ulizozitaja, nadhani uvimbe wa mama umeshika pale mfupa wa sikio unapokutana na mteremko wa mfupa ulio mbele ya shina la ubongo. Hapo neva ya 5, yenye kuleta hisia za uso, na ya 6, yenye kugeuza jicho upande wa nje, mara nyingi huwa miongoni mwa za kwanza kuumia. Uvimbe unaoanzia hapo huzisukuma neva kuelekea nje, yaani upande anakotokea daktari. Anayepitia nyuma ya sikio atazikuta zimetanda mbele yake: ya 5, halafu ya 7 inayochezesha misuli ya uso na ya 8 ya kusikia. Atalazimika kufanya kazi kwenye vipenyo vilivyo kati yake. Faida ni kwamba njia hii madaktari wengi wanaifahamu vizuri, haihitaji kuchonga sana mfupa, na inaonyesha vizuri sehemu ya chini. Uvimbe ungekuwa umeshika nyuma ya tundu la neva ya kusikia, neva zingekuwa zimesukumwa mbele, na hapo nisingefikiria njia nyingine.

Njia ya juu ya sikio, ambayo Mjapani Takeshi Kawase aliieleza mwaka 1985, inachonga ncha ya mfupa wa sikio na kushuka kwenye uvimbe kwa mbele. Mahali uvimbe uliposhika panafikiwa mapema, na kuna nafasi nzuri kati ya neva ya 5 na ya 7. Gharama yake ni kuinua sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio pamoja na vena zake (mishipa inayorudisha damu), na kuchonga karibu kabisa na koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio, na ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Isitoshe, uvimbe ukishuka chini ya tundu la neva ya kusikia, huko hapafikiki vizuri. Ndiyo maana baadhi yetu huunganisha njia mbili, au hugawa kazi katika siku mbili tofauti.

Kuhusu pua: mwenzako huenda alikuwa na uvimbe wa katikati, juu ya tezi ya pituitari, ukizisukuma neva za macho kwenda juu. Ukitokea puani unaingia kwa chini na hukutani na neva hizo njiani. Uvimbe wa mama umekwenda pembeni, nyuma ya karotidi, na endoskopi, ile kamera nyembamba inayopitishwa puani, haipindi kona hiyo kwa usalama. Vilevile, maji ya ubongo kuvujia puani si jambo dogo. Kunaweza kufuatiwa na homa ya uti wa mgongo. Usitamani njia kwa sababu haiachi kovu.

Rudi na picha za MRI aina ya T2, ambazo huonyesha maji yaking'aa, umuulize daktari kama kuna mng'ao wa maji yaliyojaa ndani ya shina la ubongo. Ukiwepo, mara nyingi ganda la uvimbe limeng'ang'ania shina la ubongo lenyewe. Mimi hapo huacha kipande, bila kuona haya. Kipimo cha Donald Simpson cha mwaka 1957, cha kueleza uvimbe umeondolewa kwa kiasi gani, kinathamini kuondoa uvimbe pamoja na utando na mfupa wake, lakini mahali hapa ukamilifu huo unaweza kumgharimu mgonjwa kumeza au kutembea. Kipande kidogo kilichobaki hufuatiliwa kwa MRI, na kikikua hupigwa mionzi ya kulenga, kwa kawaida Gy (grei, kizio cha mionzi) 12 hadi 14 kwa mara moja.

Kabla hujachagua, mama apimwe usikivu. Kama sikio la upande huo limeshakufa, kuna njia ya tatu ya kupita katikati ya sikio la ndani lenyewe, yenye uwazi mkubwa zaidi, ambayo kwa kawaida haitumiki kwa mtu ambaye sikio hilo bado linasikia vizuri, kwa kuwa inaua usikivu wake. Halafu muulize kila mmoja wao: njia hii umeipita mara ngapi, na ni wapi utakapoamua kuacha?