Kwa Unayekwenda Kuhudumia Vyumba kwenye Meli ya Wazee

Nianze na wakala, maana huko ndiko vijana wanakoliwa kabla hawajaliona hata gati la ugenini. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, huu tunaouita MLC, unakataza mtu kukutoza ada ya kukutafutia kazi melini. Juu yako ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Viza ni juu ya mwenye meli. Mimi nililipa kwa kutojua, na deni lile lilinimaliza miezi minne ya mshahara.

Sasa meli yenyewe. Ukitaja meli ya kitalii pale Mombasa, wengi huwaza yale maghorofa yanayoelea, watoto wakiteleza kwenye mabwawa. Mimi nilifanya kazi miaka saba kwenye meli kongwe zilizokuwa zikitoka bandari za Uingereza, abiria wangu wastaafu, wengi wao wajane. Meli za namna hii zina watu wake. Marco Polo ilijengwa Wismar, Ujerumani Mashariki, mwaka 1965 kwa jina la Aleksandr Pushkin, ikasafirisha watu kati ya Leningrad na Montreal, na hadi 2020 bado ilikuwa ikipakia abiria bandari ya Tilbury, Uingereza. Iliponunuliwa ikavunjwe vyuma huko Alang, India, kuna wazee walioililia kama nyumba ya ukoo.

Wana sababu zao. Meli ni ndogo, hawapotei. Sitaha ya kutembelea ipo, wanazunguka na fimbo zao asubuhi. Zile zilizojengwa kwa kuvuka bahari kuu zimekaa chini sana majini, hazichezichezi kama unavyodhani, ingawa Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania, ikichafuka hakuna asiyeyumba. Kwako mhudumu, ukongwe una mzigo wake. Vyumba havifanani, kimoja utakimaliza dakika kumi na tano, cha jirani yake, chenye pembe na makabati ya zamani, kitakula nusu saa. Na milango ya bafu ina vizingiti vilivyoinuka. Siku ya kwanza mwoneshe kila mgeni kizingiti chake, simama naye pale, avuke mbele yako mara mbili. Mzee wa miaka themanini akivunjika nyonga katikati ya bahari, safari yake imekwisha, na pengine si safari tu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Hotelini tulifundishwa kupanga: viatu viende kabatini, vikorokoro vya mezani vipangwe mstari. Kwenye meli ya wazee, kitu kirudi palepale ulipokikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta karatasi laini imekunjwakunjwa kando ya glasi ya maji, nikaitia kwenye mfuko wa taka na kuendelea. Ndani yake mlikuwa na meno ya bandia ya bibi mmoja. Tulipekua mifuko ya taka mimi na mwenzangu Mfilipino mpaka saa nane za usiku, hatukuyapata, na bibi yule alikula supu na viazi vya kupondwa siku tisa zilizobaki. Hakunishitaki kwa msimamizi. Kila asubuhi alinisalimu amefunika mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo situpi karatasi nisiyoigusa kwanza kwa vidole kujua ina nini.

Fimbo iko upande wa kulia wa kitanda kwa sababu usiku wa manane mkono wake utaitafuta hapo hapo. Ndara, miwani, kikopo cha dawa, vivyo hivyo. Usipokumbuka, chora kwenye kijidaftari kabla hujaanza kufagia.

Asiyesikia vizuri usimpigie kelele. Mkabili usoni, sema taratibu, akuone midomo. Na jua mazoea yake, kwa kuwa wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kugundua kuna jambo. Mzee anayekunywa chai saa moja kila siku, leo sinia liko mlangoni halijaguswa: gonga, gonga tena, kisha piga simu zahanati ya meli. Usiogope kuonekana msumbufu.

Kuhara na kutapika kukianza melini, huenda ni norovirusi. Nawa kwa sabuni na maji. Jeli ya mikono peke yake haitoshi kwa kirusi hiki. Na pumziko lako lidai. MLC inakupa saa 10 za kupumzika katika kila 24, zisigawanywe zaidi ya vipande viwili, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Andika saa zako mwenyewe kila siku. Msimamizi wangu mmoja alituletea karatasi zilizokwisha kujazwa tutie saini tu.

Mgeni akifiwa na mwenzi wake safarini, na utakutana na hilo, usiondoe chochote cha marehemu mpaka umuulize mwenyewe. Bibi mmoja aliniomba niendelee kutandika vitanda vyote viwili. Nilitandika mpaka Southampton.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa koridoni, yachukuliwe kabla ya kutia nanga. Pita chumba hadi chumba kabla wapagazi hawajafika, uulize mambo mawili: nguo za kushukia kesho ziko wapi, na dawa za asubuhi ziko wapi. Wengi watakuwa wamezifungia humo humo. Niliwahi kuteremka saa sita usiku hadi chini masanduku yanakorundikwa, nikafukua la bluu lenye utepe mwekundu kwenye mpini. Insulini ya mzee wangu ilikuwa ndani ya soksi.