Barua kwa mwanangu: huyo mjusi nani alimbeba

Mwanangu,

Meseji yako niliiona tangu Ijumaa, sikujibu kwasababu bando liliisha na pia nilikuwa naifikiria. Umesema umeenda makumbusho hapo Berlin ukampita yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, anayepigwa picha na kila mtu, ukaenda kusimama kwa yule mdogo mwembamba wa mita 6, mla nyama, kibao kinasema katoka Tendaguru, huku kwetu Lindi, machozi yakakutoka, sasa unaniuliza mama we unaonaje, arudi Lindi au abaki.

Mimi naona ungeniuliza nani alimbeba.

Maana huyo hakupanda gari. Toka Tendaguru mpaka bandarini Lindi ni siku tatu nne kwa miguu, na toka 1909 mpaka 1913, Wajerumani walipokuwa wanachimba, zimepita zaidi ya tani 200 za mifupa vichwani na mabegani mwa watu, watu wenyewe ndo kwanza wametoka kwenye Maji Maji na njaa yake. Babu yangu, yule mwenye bega lililoshuka, alikuwa kijana. Alikuwa akisema mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi kama mgonjwa aliyevunjika, ukijikwaa nyapara anauliza mfupa umepona? wewe huulizwi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nakwambia kila siku.

Binamu yako anayefundisha sekondari kanieleza jina la huyo wako, Elaphrosaurus bambergi, hiyo bambergi ni tajiri mmoja wa huko, Paul Bamberg, alichangia hela za safari. Sawa, hela ni hela. Ila kuna mwingine kapewa jina la Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, na mwingine 2019 wamemwita Wamweracaudia, yaani mkia wa Wamwera, nilicheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukaungua. Wamwera tumepewa mkia! Lakini nimefurahi, nisiseme uongo.

Sasa ile habari ya kinoo unaijua nusu. Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa na jiwe la kunolea panga chini ya mwembe, zito, la kahawia, pale lilipokatika lina vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Akaja mwalimu mmoja kudai mahindi yake akaliona, akapiga magoti akalilamba, kweli akalilamba, ulimi ukanata, akasema huu mfupa. Kesho uje nao shule, utaenda Dar, jina la baba yako litaandikwa. Nikatia kata kichwani nikaubeba mwenyewe, shingo wiki nzima haigeuki. Mwezi uliofuata mwalimu kahama na mfupa nao ukahama. Hata karatasi hatukupewa. Baba hakunigombeza, akanunua kinoo dukani, ila kila akinoa alikuwa ananiangalia.

Kwahiyo ukisema arudi mimi namuona yule mwalimu. Najua nchi si mwalimu mmoja. Halafu najijibu, hivi baba alikuwa anaufanyia nini ule mfupa? Alikuwa anaumaliza kwa panga, katikati ulishaingia bonde. Wajerumani wamemtunza wa kwao, vita ya mabomu imepita na mjusi yupo. Halafu tena nakasirika, kwani bonde si lilikuwa letu? Na binamu yako anasema huko kwenye makumbusho kuna mizigo ya mianzi ilikaa bila kufunguliwa zaidi ya miaka 100. Miaka 100 mwanangu! Mtu kabeba siku nne, bega limeshuka mpaka kaburini, kumbe wenyewe hata haraka nao hawakuwa nayo.

Na hilo la mla nyama usiliseme kwa nguvu. Wamempata mgongo, nyonga na miguu, ila kichwa hakikuonekana, hata jino moja, hicho ulichokiona kimetengenezwa kwa kukisia, na siku hizi wapo wataalamu wanaosema labda alikuwa anakula hata majani. Kichwa chenyewe labda bado kiko huku. Jembe likigonga kitu kigumu huwa nainama naangalia.

Jibu la swali lako ninalo, liko mdomoni kabisa, ila nikilisema utanijibu mama huo ni uchungu wa kinoo, na labda ni kweli. Basi tuliache.

Ukienda tena waulize kama wanaruhusu kuona ile mizigo ya mianzi. Usinipigie picha mifupa, nipigie kamba ilivyofungwa, kwa karibu. Babu alikuwa anafunga mafundo mawili halafu mkia wa kamba anaukunja ndani, hata nyumba yetu ya miti ilifungwa hivyo hivyo. Nikiliona nitalijua.