Shangazi, ukweni kila mboga imeungwa karanga

Shikamoo Shangazi. Nimeolewa mwaka jana nikitokea Tanga, sasa naishi Nkuhungu, Dodoma. Tangu utotoni nina aleji ya karanga: nikionja tu, midomo inavimba na kifua kinabana. Ukweni Kongwa kila tukienda mlenda una karanga, mchicha una karanga. Nikikataa, mama mkwe ananyamaza na mawifi wanasema naringa. Kazini nako wenzangu siku hizi wanaenda kula mchana bila kunishtua. Nifanyeje?
Msomaji, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Umeolewa kwenye karanga hasa. Waingereza walipotaka mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947, walianzia hapo hapo Kongwa. Ukame na udongo mgumu viliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Wenyeji wanaendelea kulima zao na kuungia mboga. Mama mkwe wako anapokuungia karanga anakukirimu, ndiyo maana ukisogeza bakuli pembeni anaumia.

Jambo hili lisisemewe mkekani, chakula kikiwa tayari. Mumeo ampigie mama yake siku kadhaa kabla hamjaenda. Asiishie kusema una aleji, maana wengi watadhani ni mafua ya vumbi letu la Dodoma. Aseme wazi: "Mama, mke wangu akila karanga koo linaziba, anaweza kufa." Ni maneno mazito, lakini ni ya kweli, na mzazi akishayasikia hawezi kukulazimisha.

Siku ya kwenda fikeni mapema, uingie jikoni uchambue mboga na mawifi. Angalia kinu. Kikishatwanga karanga, ungaunga hubaki kwenye nyufa za mti hata kikifutwa, na mwiko hivyo hivyo. Omba mlenda wako uwe na sufuria na mwiko wake tangu mwanzo, uishie kwenye nyanya, chumvi na magadi kidogo. Binti yangu ana aleji kama yako. Bibi yake kule Mpwapwa amemtengea sufuria yenye mfuniko wa bluu, na hakuna mjukuu mwingine anayethubutu kuigusa.

Kazini usingoje kualikwa, alika wewe. Tafuta mama lishe mmoja umzoee. Mimi namwamini kuliko hoteli kubwa, kwa sababu anayepika ndiye anayepakua, na unamuuliza uso kwa uso. Ukiona upawa mmoja unatoka kwenye kisamvu unaingia kwenye maharage, acha vyote viwili. Uji wa lishe usinywe mpaka ujue unga wake umechanganywa nini, mara nyingi karanga zimo. Na anayekwambia zikikaangwa hazina neno, usimsikilize.

Lakini mwanangu, hicho kifua kinachobana kinanitia hofu. Nenda kwa daktari wiki hii umweleze hivyo hivyo, umuulize kuhusu sindano ya adrenalini. Vidonge vya aleji hupunguza muwasho, ila koo likianza kuziba havitoshi. Mumeo na mwenzako mmoja kazini wajue kwamba siku ikitokea, usitembezwe: ulazwe miguu ikiinuliwa, au ukae kama pumzi inakata, na gari la hospitali litafutwe papo hapo bila kungoja uvimbe ushuke.

Mawifi waache kwanza. Wakishamwona mama yao anabandika sufuria mbili, hawatakuwa na la kusema.