Mitandio: kitambaa kwanza, mtindo baadae

Haya jamani, maswali ya wiki hii. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu, manake nimechoka.

*Da, kila nikijitanda mchana jasho linanichuruzika na kichwa kinauma. Nifunge mtindo gani? (Chumbageni)*

Si mtindo mdogo wangu, ni kitambaa! Nalisema kila msimu wa kaskazi. Desemba mpaka Machi Tanga hii ni joto na unyevunyevu, we unajifunga shifoni ya poliesta juu ya kikofia cha poliesta kisa umemwona dada wa Dubai kwenye simu, yule anatoka kwenye eisii anaingia kwenye gari lenye eisii, we unakwenda Ngamiani kwa mguu. Poliesta hainywi jasho. Tafuta pamba au viskosi nyepesi, na muuzaji akikuapia kwamba ni kotoni chomoa uzi mmoja ukauunguze kwa kiberiti, pamba inanuka kama karatasi na kubaki jivu, poliesta inayeyuka inaganda kidonge kigumu. Kichwa nacho kinauma kwa sababu unakaza mno. Legeza, nywele za mbele zitaisha, nawaona mabinti wadogo kabisa mapaji yameshapanda. Na msijifunge nywele zikiwa mbichi!

*Shifoni inateleza, nitumie pini ngapi?*

Mbili, ukitanguliza kikofia cha pamba. Ila nakuomba sana, usishike pini mdomoni wakati unajitanda. Ukicheka tu au ukikohoa inashuka kwenye njia ya hewa mpaka mapafuni, madaktari wa Uturuki na Misri wameandika visa vingi vya hivyo, wengi wasichana. Chomeka kwenye mto.

*Gauni lina maua mengi, mtandio rangi gani?*

Rangi moja, itoe kwenye ua dogo kuliko yote humo humo kwenye gauni.

*Nina harusi Lushoto mwezi wa saba, nataka kupendeza.*

Pendeza, lakini kule ni mita kama 1,400 juu na mwezi wa saba ni baridi. Shifoni ya ukumbini, pashmina au sufu nyepesi ya mabegani. Na ukipanda bodaboda ncha zote ziingie ndani ya koti, mcheza dansi Isadora Duncan alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1927 mtandio wake uliponaswa na gurudumu la gari, na gurudumu la pikipiki liko hapo hapo mguuni kwako.

*Nikijitanda kanga kwenda kazini wenzangu wananicheka, eti ya jikoni.*

Wacheke. Kanga ni pamba, mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, inafunika kichwa na mabega na hewa inapita, kwa Januari ya Tanga sijaona mtandio wa dukani unaoishinda. Tena mama zetu wamejitanda hivyo hivyo na walipendeza. Ila soma jina kwanza, usije ukaingia msibani na mafumbo ya kumsuta jirani. Na ikiwa mpya iloweke ufue, wanga utoke na rangi iliyozidi, isije ikakuharibia blauzi nyeupe.